Mkono Umejifunza

Saa kumi na moja alfajiri, Mbeya bado imejikunyata.
Ukungu umeketi Loleza kama mgeni asiyeaga.
Risasi nimezihesabu, saba,
nimezifungia jikoni ndani ya kopo la majani ya chai.
Chemba nimeichungulia mara mbili,
mara ya tatu nimeipapasa,
maana Sajini Kasyupa alisema
jicho hudanganywa na usingizi, kidole hakidanganyiki.

Nasimama mbele ya kioo cha kabati.
Sweta, koti la sufu, kitenge begani;
huku kwetu Juni haina simile.
Chini ya nguo zote hizo, chuma.

Kushoto kamata pindo, pandisha hadi kifuani.
Kulia shuka, shika mpini mzima mzima,
kidole cha shahada kimenyooka ubavuni
kimenuna, hakiingii pasipoitwa.
Vuta juu. Geuza. Sukuma mbele.
Uzi wa sweta umenasa.
Tena.
Kifungo.
Tena.

"Mama Lugano, unapigana nayo," Sajini alinicheka.
"Itoe kama unavyotoa mwiba
kwenye kisigino cha mtoto aliyelala."

Nikampelekea koti fundi Ngailo, Mwanjelwa.
Sikumweleza kitu.
Alipapasa bitana ya kulia, ilivyochakaa pahali pamoja,
akanitazama juu ya miwani.
Kifungo cha chini akaking'oa,
ndani ya pindo akashonea sarafu mbili kuukuu
ili koti likirushwa liende, lisirudi upesi.
"Wa kabla yako alikuwa na duka la dawa," akasema,
akataja bei.

Kwenye kona za Kawetere, mwezi wa tatu,
nikitoka Makongolosi na mzigo mdogo mzito,
nilikuta gogo limelala barabarani.
Walichukua dhahabu, wakachukua mizani,
viatu wakaniachia.
Mmoja alinipa pole. Sauti changa,
kama ya mtu anayeomba ruhusa kutoka darasani.
Bastola ilikuwepo siku hiyo, na kibali chake.
Ilikuwa chini ya kiti, ndani ya kitambaa cha meza,
imetunzwa kama sahani za wageni.

Basi Aprili nilikwama, Mei nilikwama.
Wiki ya pili ya Juni, pindo likapaa,
sarafu zikagongana kidogo, tik,
na bastola ikawa mbele ya uso wangu kwenye kioo
kabla sijajua kwamba nimeitoa.
Nilikaa kitandani. Chai ilipoa.

Jumamosi tukaenda Katumba kwenye msiba.
Mvua nyembamba, migomba inatiririka,
wanawake wanaimba wakiwa wameegemea ukuta.
Pale mezani kulikuwa na daftari la rambirambi
na kijana wa kuandika.
Nikataka kutoa pesa.
Kushoto kukakamata pindo. Tik.
Kulia kukashuka, laini kabisa,
laini kuliko alfajiri yoyote ile,
na vidole vyangu vikafumba mpini.

Waombolezaji hawakuona, waliendelea kuimba.
Kijana aliona.
Kalamu ilibaki hewani, tone la mvua likimshuka puani.
Tukatazamana
muda wa kuchemsha yai, au muda wa kope moja, sijui.
"Jina, mama?" akauliza.
Sauti changa.

Vijana wangapi wana sauti changa?
Rungwe nzima, Chunya nzima, wamejaa.
Nilitoa elfu ishirini kwa mkono wa kushoto,
nikaomba radhi kwa kushoto,
nikataja jina la marehemu mume wangu badala ya langu.
Akaandika bila kuinua macho.

Siku hizi pochi naiweka upande wa pili.
Na kila alfajiri, kopo la chai likishafungwa,
naanza na zoezi ambalo Sajini hakunifundisha:
kukamata pindo,
kusikia tik,
kisha kuliachia lirudi lenyewe, polepole, mahali pake.

Hili bado linanasa.